Sawa yenye kopa na sawa kavu: hotuba kwa wapendanao wanaoishi mbalimbali

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu na rika langu, hamjambo. Nawashukuru walioandaa mkutano huu, na nawashukuru zaidi nyinyi mliokuja peke yenu kwa sababu mwenzenu yuko nchi nyingine, yuko melini, yuko chuoni, au yuko kazini mahali ambapo likizo hutoka mara moja kwa mwaka. Hotuba hii ni yenu hasa.

Nimeombwa nizungumzie emoji. Najua wapo wanaoona hili ni jambo la kitoto, vijipicha vya kuchezea visivyostahili kupandishwa jukwaani. Mimi kazi yangu ni ushauri wa mahusiano, na watu wanaopendana kwa mbali wanapokuja kwangu, mara nyingi kitu cha kwanza wanachonipa ni simu. Ananyoosha kidole kwenye meseji, ananiambia, "Hebu soma mwenyewe. Soma alivyonijibu." Nasoma, naona maneno ya kawaida kabisa. Ugomvi wote umelala kwenye kile ambacho hakikuandikwa. Kwa hiyo mniwie radhi kama nitavipa vijipicha hivi uzito ambao hamkuutarajia.

Chukueni neno moja tu: "Sawa." Mkiwa chumba kimoja, mke anasema, "Leo nitachelewa kurudi," mume anajibu, "Sawa." Mke hana haja ya kuuliza zaidi. Ameisikia sawa iliyovutwa, au sawa iliyokatwa ghafla, au sawa ya mtu anayetafuta soksi huku akiitikia. Ameliona bega, ameyaona macho. Kwenye simu, sawa zote hizo zinafika zikiwa herufi nne na nukta. Na hata hiyo nukta ina kesi yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walionyesha kwamba jibu fupi la meseji linaloishia na nukta lilionekana si la dhati kama lile lile lisilo na nukta. Mwandishi kaweka nukta kwa sababu shuleni alifundishwa sentensi iishe hivyo. Msomaji kaona mlango umebamizwa.

Aliye mbali, basi, anabaki na herufi zake nne, na sauti inayokosekana anaijaza yeye mwenyewe. Akiwa ameamka vizuri ataisoma sawa ile kwa sauti ya upole. Akiwa na wasiwasi, akiwa amekaa peke yake jioni nzima, ataisoma kwa sauti ya ugomvi wa mwezi uliopita. Meseji ni ile ile.

Mwaka 2005 wanasaikolojia Justin Kruger na Nicholas Epley, pamoja na wenzao, walichapisha majaribio ambayo huwa nawasimulia karibu wote wanaokuja kwangu. Watu walipewa sentensi za kuwapelekea wenzao, nyingine za kweli, nyingine za kejeli. Wengine wazitume kwa barua pepe, wengine wazitamke. Waliotuma waliamini wenzao wangetambua ipi ni ipi kwa asilimia 78. Waliosikiliza sauti walipatia kwa asilimia 73 hivi. Waliosoma barua pepe walipatia kwa asilimia 56, na kumbukeni kwamba kwa kubahatisha tu ungepata 50. Lililonigusa zaidi ni kwamba waliosoma nao waliamini wameelewa vizuri. Yaani huyu ana uhakika amesema, yule ana uhakika amesikia, na katikati yao hakuna aliyejua kwamba jambo limepotea. Wakikaa pamoja, kosa hilo lingeonekana usoni ndani ya sekunde. Wakiwa mbali linaweza kukaa wiki nzima.

Pengo hilo ndilo lililozaa alama hizi tangu mwanzo. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wanasayansi wa kompyuta walikuwa wakitaniana kwenye ubao wao wa ujumbe wa kompyuta. Utani mmoja kuhusu zebaki iliyomwagika kwenye lifti ulichukuliwa na baadhi yao kama onyo la kweli la usalama. Tarehe 19 Septemba mwaka huo, Scott Fahlman akapendekeza kwamba mwenye kutania aweke alama tatu, nukta mbili, kistari na mabano, :-) ili msomaji ajue anacheka. Hawa walikuwa watu wasomi sana, wanaofahamiana, wanaofanya kazi jengo moja. Kama wao walishindwa kusikia kicheko kwenye maandishi, sisi tulioachana kwenye uwanja wa ndege miezi minane iliyopita tujihurumie kidogo.

Na kopa, yaani ile alama ya moyo, nalo lina historia yake. Miaka ya 1990 huko Japani, kabla simu za mkononi hazijaenea, vijana walikuwa wakitumia peja, kifaa kidogo cha kupokelea ujumbe mfupi. Peja za kampuni ya NTT DoCoMo ziliwahi kuwa na alama ya kopa. Shigetaka Kurita, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, amesimulia kwamba kopa lilipoondolewa kwenye toleo jipya ili peja ionekane ya watu wa ofisini, vijana walilalamika na wengi wakahamia kwingine. Yeye alilishika somo hilo. Mwaka 1999 alipotengeneza picha 176 kwa ajili ya simu za kampuni hiyo, kila moja ikiwa na pikseli 12 kwa 12 tu, kopa lilikuwemo, na hata kopa lililopasuka lilikuwemo. Leo picha hizo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la MoMA, New York, lililozichukua mwaka 2016. Nawaambia haya ili anayeona aibu kutuma kopa ajue kwamba watu walikuwa tayari kuhama kampuni kwa ajili yake.

Sasa niseme lile nililokuja kulisema, halafu nilieleze. Neno libebe maana. Emoji ibebe sauti ambayo ungelitamkia neno hilo. Zikienda pamoja, mwenzako anakusikia. Shida nyingi ninazokutana nazo huanza pale emoji inapopewa kazi ya neno, yaani inapotumwa peke yake kujibu jambo lililohitaji kujibiwa kwa maneno.

Kwanza upande mzuri, kwa sababu ni mzuri kweli. Mwaka 2013 Crystal Jiang na Jeffrey Hancock walichapisha utafiti uliolinganisha wapenzi wanaoishi mbalimbali na wale wanaoishi karibu. Wengi wetu tungebashiri kwamba wa mbali wangekuwa na hali mbaya, kwani si tunasema fimbo ya mbali haiui nyoka? Lakini waliokuwa mbali ndio walioeleza ukaribu mkubwa zaidi wa moyo, kwa sababu walifunguka zaidi na kila mmoja alimwona mwenzake anafunguka. Kwa kuwa hawana cha kushika, wanasema. Mwaka 2021 Susan Holtzman wa Chuo Kikuu cha British Columbia na wenzake wakaongeza jambo linalotuhusu moja kwa moja: kwa wapenzi wa mbali, kutumiana meseji mara kwa mara, na hasa kuitikiana kwenye meseji, kulikwenda sambamba na kuridhika zaidi na uhusiano wao. Na mwaka 2025 Eun Huh wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin aliwapa watu 260 mazungumzo ya meseji wayasome, mengine yana emoji na mengine hayana. Mtumaji aliyeweka emoji alionekana anaitikia na kujali zaidi, na kuonekana anaitikia ndiko kulikomfanya apendeke. Ikawa haijalishi sana kama emoji ni uso unaocheka au ni picha ya kitu kingine.

Hilo la mwisho lishikeni. Haijalishi sana picha ni ipi. Kinachopokelewa ni kwamba kuna mtu upande wa pili aliyesoma, akasimama, akatafuta kitu cha kukuwekea. Ndiyo maana mtu anaweza kutumiwa jua ☀️ asubuhi, jua tu, akaenda kazini akitabasamu. Hakufundishwa lolote kuhusu jua. Ameambiwa kwamba amekumbukwa kabla mwenzake hajafanya jambo lingine lolote siku hiyo.

Kuna faida nyingine ya wazi ambayo watu hawaisemi. Emoji ni herufi kama herufi nyingine, haina uzito wa picha wala video. Ni baiti chache tu. Mtandao ukidorora, simu ya video ikiwa inakata kila dakika na uso wa mpenzi wako umeganda mdomo wazi, kopa bado linapita. Kwa watu wanaoishi kwa kutegemea mtandao, hili ni jambo kubwa.

Wanaopendana kwa muda hufika mahali pazuri zaidi, pa kuwa na emoji zao wenyewe. Sarah Wiseman na Sandy Gould waliwauliza watu mambo haya na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Walikuta wapenzi ambao kipande cha piza kwao kilikuwa na maana ya "nakupenda". Mtu mwingine akiona simu ile angedhani wanapanga chakula. Maana ile haikutoka kwenye picha, ilitoka kwenye siku fulani waliyoishi pamoja, na kila picha inapotumwa siku ile inaguswa tena. Hilo ni gumu kulipata kwa njia nyingine ukiwa mbali na mtu.

Nitawaonyesha kwa karibu. Kuna wawili walioniruhusu kusimulia habari yao bila kuwataja. Mwanamke ni muuguzi anayefanya kazi kwa zamu. Mwanamume alikwenda kusoma nchi ambayo jua linachomoza saa kadhaa kabla ya kwao. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa tiki za bluu. Meseji imesomwa, jibu halipo. "Umeniona ukanipita," asiyejibiwa alikuwa akilalamika. Mwenzake anajitetea kwamba alisoma akiwa amechoka, hakutaka kujibu hovyo. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Wakakubaliana juu ya kobe. 🐢 maana yake: nimesoma, nimeelewa, akili yangu imechoka, nitajibu nikipumzika, sijanuna. Walinionyesha usiku mmoja wa mazungumzo yao:

"Nimetoka zamu. Wagonjwa walikuwa wengi, miguu inawaka moto."

"Pole sana mama. Oga ulale. Ile ya kodi ya nyumba tutaiongea kesho?"

"🐢"

"🐢❤️ Lala salama."

Angalieni jinsi ilivyofanya kazi. Swali la kodi lilikuwa la maana, lingeweza kuleta maneno usiku ule. Kobe mmoja akaomba muda, kobe wa pili akautoa kwa moyo mweupe. Hakuna aliyebaki akihesabu tiki.

Lakini habari haikuishia hapo. Baada ya muda, mwanamke alitoka kupokea majibu ya vipimo vyake mwenyewe. Akaandika, "Majibu yametoka. Siyo mazuri sana." Mwenzake alikuwa mlangoni mwa chumba cha mtihani. Akatuma kobe, akazima simu, akaingia.

Mwanamke aliniambia hivi: "Nilijua maana yake. Nilijua ana mtihani. Lakini siku ile nilitaka maneno, na kobe hana mdomo." Mwanamume alishangaa, kwa sababu kwake yeye alikuwa ameheshimu makubaliano yao. Nilimwomba aandike, pale pale mbele yangu, meseji ambayo ingemchukua muda ule ule aliotumia kumtafuta kobe. Akaandika: "Nipo nawe. Nitakupigia saa tano." Mwenzake aliisoma mara mbili, akalia. Tangu hapo wana sheria: ugonjwa, msiba, wazazi na pesa kubwa havijibiwi kwa kobe.

Nawaomba kila wawili mliomo humu muwe na orodha ya namna hiyo, na muitaje waziwazi. Isiwe ndefu. Mambo manne, matano, ambayo yakitajwa, emoji peke yake haitoshi kuwa jibu.

Hapa ndipo nataka kusema juu ya dole. 👍 limevunja mioyo mingi kuliko emoji zote za hasira zikiwekwa pamoja. Hayo ni maoni yangu baada ya kusoma simu nyingi za watu. Kwa mwingine dole ni "nimekubali kwa moyo wote". Kwa mwingine, hasa kijana, ni "nimekusikia, sasa niache". Msidhani ni jambo la mapenzi tu. Mwaka 2023 mahakama moja ya jimbo la Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba mkulima aliyejibu picha ya mkataba kwa dole alikuwa ameukubali mkataba ule, akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Yeye alisema dole lake lilimaanisha tu kwamba ameupokea. Kama watu wawili wa biashara walihitaji jaji awaambie dole lina maana gani, wewe unapoandika aya nzima usiku wa manane, jinsi ulivyokumbuka sauti yake, ukajibiwa 👍, una haki ya kuchanganyikiwa.

Na karibu na dole kuna tabia mpya. Tangu mwaka 2022 WhatsApp inaruhusu mtu kubonyeza meseji na kuibandika emoji juu yake bila kuandika jibu. Ni rahisi, ni haraka, na nadhani kwa wapenzi wa mbali ina hatari yake. Kopa lililobandikwa juu ya meseji hufunga mazungumzo. Halikupi pa kushika ili uendelee. Mtu amekuambia, "Leo bosi amenisifu mbele ya watu wote," wewe ukabandika kopa ukaendelea na mambo yako. Umemfurahia, sawa. Lakini mkiwa pamoja ungeuliza, "Alisemaje? Wenzako walifanyaje? Wewe ulijibu nini?" Habari njema ya mwenzako inahitaji maswali. Bandika kopa ukitaka, kisha andika swali moja. Swali hilo moja ndilo litakaloifanya siku yake kuwa yenu wawili.

Kuhusu simu tofauti kuonyesha picha tofauti nitapita haraka, ingawa mlijue. Mwaka 2010 Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, uliingiza mamia ya emoji ili simu zote zielewane. Kinachosafiri ni namba ya emoji. Sura yake huchorwa na simu ya anayepokea. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakiongozwa na Hannah Miller, walikuta kwamba uso huu 😁 ulisomwa kuwa wa furaha kwenye simu za kampuni moja na kuwa wa mtu anayesaga meno kwenye nyingine. Hata watu walipotazama mchoro ule ule mmoja, robo ya nyakati hawakukubaliana kama hisia yake ni njema, mbaya au ya katikati. Tangu hapo kampuni zimesogeleana kimchoro. Watu hawajasogeleana kiasi hicho. 🙂 kwa wengi wa umri wangu ni tabasamu. Kwa vijana wengi ni tabasamu la mtu aliyechukia akajizuia. 💀 kwao ni kicheko cha kuvunja mbavu, na mzazi akikiona anaweza kudhani kuna msiba. Kwa hiyo usimhukumu mpenzi wako kwa kamusi ya rafiki zako. Muulize yeye anamaanisha nini, na uulize siku ambayo hamna ugomvi.

Niongeze moja kwa wale ambao mwenzao haoni vizuri na anatumia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Programu ile hutamka jina la kila emoji. Ukituma makopa kumi na tano mfululizo, anaweza kulazimika kusikiliza "kopa jekundu" mara kumi na tano kabla ya kufika kwenye neno. Moja linatosha, na liwe mwishoni.

Ugomvi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo simu zinapovunjwa ukutani.

Mkiwa mmekasirikiana, naomba sana mziache emoji za kucheka. 😂 iliyotumwa kwa mtu mwenye hasira haiwezi kusomwa kwa namna nyingine ila kwamba unamcheka. Hata kama wewe ulikuwa unalegeza hali, hata kama kwenye chumba kimoja utani wako ungemfanya acheke pia. Chumbani utani wako ungekuja na mkono begani. Huku umekuja peke yake. Nimeona mabishano madogo kabisa, ya nani alisahau kupiga simu, yakigeuka kuwa "unanidharau" kwa sababu ya emoji moja ya kucheka iliyotumwa kwa nia njema kabisa.

Na kuna kile kinachonisikitisha zaidi, adhabu ya kunyima. Mtu amezoea kila usiku kutumiwa "Lala salama ❤️". Leo amekwaruzana na mwenzake, meseji inakuja "Lala salama." Kopa limeondolewa kwa makusudi, na aliyeliondoa anajua kabisa kwamba mwenzake ataliona pengo lile, atalilala nalo. Ndugu zangu, mkiwa nyumba moja unaweza kumnyima mtu tabasamu jioni, na asubuhi mkagongana jikoni mkayamaliza. Aliye mbali hana jikoni. Ana pengo lile tu kwenye kioo cha simu, na usiku mzima wa kulitafsiri. Kama una kinyongo, kiandike: "Bado nina hasira, lakini kesho tutaongea." Meseji hiyo ni kali kuliko kopa lililofutwa, na bado ina huruma zaidi, kwa sababu inamwambia kwamba kesho ipo.

Baada ya ugomvi mambo hugeuka, na hapo emoji ina kazi nzuri. Kuna wakati kila mmoja ameshatulia lakini hakuna anayejua aanze na neno gani. "Samahani" bado ni nzito kutoka. Emoji mliyoizoea, ile ya kwenu wenyewe, inaweza kutangulia kubisha hodi. Mwingine akijibu, mnajua sasa mnaweza kupigiana simu. Nasema kupigiana simu, kwa sababu msamaha wenyewe unahitaji sauti halisi. Wapo wanaosuluhishana kwa makopa matatu na kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, na jambo lile linarudi baada ya wiki mbili likiwa na ndugu zake.

Wale mnaofahamiana na mtu kwa simu tu, hamjawahi kuonana, nawaonya kwa upendo: msiupime moyo wa mtu kwa wingi wa makopa. Matapeli wa mapenzi huyatuma bila kuhesabu. Angalieni kama anakumbuka mlichoongea juzi, na kama anakubali simu ya video bila visingizio.

Mliniwekea karatasi za maswali mlangoni, na nimeahidi kujibu moja kabla ya kuwaachia nafasi. Hii imeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Mume wangu yuko mbali mwaka wa pili. Hatumii emoji kabisa. Anaandika 'Nimefika', 'Sawa', 'Usiku mwema'. Mimi namjazia makopa, yeye hakuna. Je, hanipendi?"

Dada yangu, kwa karatasi hii siwezi kujua, na emoji peke yake haiwezi kutuambia. Wapo watu wasiozitumia kwa sababu wanaziona si za mtu mzima, au macho yao hayazioni vizuri kwenye skrini ndogo, au tu hawakuzoea. Mimi ningeangalia mambo mengine. Ukimwambia Jumatatu kwamba mtoto anakohoa, Jumatano anauliza kikohozi kimefikia wapi? Anaandika "Nimefika" bila kuombwa? Kama anaandika kila siku, katika mwaka wa pili, basi mtu huyu anakuripotia usalama wake kila anapoweka mzigo chini, na hilo si jambo dogo. Lakini pia una haki ya kuhitaji sauti, na usimwadhibu kwa kuyakata makopa yako ili ajifunze. Hataelewa kwa nini yamekatika. Mwambie wazi: "Ukiandika 'Sawa' peke yake, huku kwangu inasomeka kama umekasirika." Inawezekana kabisa hajawahi kulifikiria. Akisema emoji si zake, muombe ujumbe wa sauti, hata wa sekunde kumi, kabla ya kulala.

Hilo la kumwambia, lisiende kwa meseji. Kama uko humu ukumbini, kwake sasa hivi ni saa ngapi? Kama bado hajalala, toka nje umpigie. Sisi tutaendelea na karatasi nyingine.